Mtoto wa sekondari Tabora anakula nini kati ya saa nne na saa kumi?

Mwalimu_Isevya (mleta mada)

Mwangaluka wadau.

Nafundisha biolojia kwenye sekondari moja ya kutwa hapa Tabora mjini, shule sitaitaja. Nimeleta uzi huu kwa sababu kikao chetu cha wazazi kiliishia kwa kelele za aina moja: watoto wamezidi kutafunatafuna, walimu wawafukuze wauzaji getini. Kila aliyesimama alikuwa na adui wake. Huyu krips, yule jojo, mwingine vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya jero. Likaandikwa azimio. Mimi azimio hilo siliungi mkono, na pale ukumbini nilipewa dakika mbili, ndiyo maana niko huku.

Tuanze na saa. Mtoto wa kutwa anayekaa Ipuli au Kiloleni, shule iko upande wa pili wa mji, anaamka saa kumi na moja alfajiri. Chai ikiwepo ni ya rangi, sukari ya kutosha, na kiporo kama jana kilibaki. Isipokuwepo anaondoka hivyohivyo. Saa nne ni mapumziko mafupi. Mchana kuna makande kwa wale ambao wazazi wametoa mchango wa mahindi na maharage. Asiyetoa, mtoto wake anajifanya ana kazi ya kumalizia darasani mpaka wenzake warudi. Nyumbani anafika saa kumi, na sufuria ya ugali ndiyo kwanza inabandikwa.

Sasa huo mwili unaopitishwa kwenye pengo hilo ni mwili wa balehe. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote wakiwa na miaka kama 12, wavulana kama 14. Mvulana akiwa kwenye kilele chake anaweza kuongeza sentimita 9 hivi ndani ya mwaka mmoja. Suruali ya Januari inakuwa ya kuvukia mto ifikapo Oktoba, na mzazi ndiye anayeijua bei ya suruali. Urefu huo unajengwa kwa chakula. Mifupa inadai kalisiamu, misuli inadai protini, damu inadai madini ya chuma, na msichana aliyeanza hedhi anadai chuma zaidi ya kaka yake.

Kwa hiyo mtoto wa umri huu kula kitu kati ya milo ni haki yake. Wamarekani walilipima jambo hili kwa watoto wao wa miaka 12 hadi 19. Mwaka 1977–78 waliokula angalau kitafunwa kimoja kwa siku walikuwa asilimia 61. 2005–06 wakafika 83, na vitafunwa hivyo vikawa vinaleta asilimia 23 ya nguvu yote ya chakula chao cha siku. Karibu robo. Sitaki kuchukua hesabu ya mtoto mwenye friji jikoni nimvishe mtoto wa mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora, lakini kitu kinachobeba robo ya chakula cha siku huwezi kukiita ujinga wa watoto. Kwa wanafunzi wangu wengine ni zaidi ya robo, maana kile wanachonunua getini saa nne ndicho chakula cha mchana.

Swali basi ni kitu gani kipo getini. Nimesimama pale nikaangalia. Meza ya kwanza: maandazi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, krips za pakiti zimening'inizwa kwa pini za nguo, pipi, jojo, biskuti za mia. Meza ya pili: mihogo ya kukaanga na kachumbari ya pilipili, barafu za rangi nyekundu zilizofungwa kwenye vifuko. Meza ya tatu: soda na vinywaji vya kuongeza nguvu kwenye boksi lenye barafu. Unga mweupe, sukari, mafuta, chumvi na rangi. Pembeni kabisa kuna bibi mmoja ana karanga kwenye sinia na miwa iliyomenywa, na mwembe umemfunika, huwezi kumwona usipomtafuta.

Chukua gramu 30 za krips na gramu 30 za karanga. Nguvu inakaribiana, kilokalori 160 na 170 hivi. Krips zinampa protini gramu 2 na chumvi tele. Karanga zinampa gramu 7 za protini, nyuzinyuzi, na shibe itakayomfikisha kipindi cha saba. Mtoto yuleyule, njaa ileile, pesa inayokaribiana. Tofauti ni nani yuko karibu na geti.

Na sukari. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2015 lilisema sukari inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, na ikishuka chini ya 5 ndiyo bora. Kwa mtu anayetumia kilokalori 2,000 hiyo asilimia 10 ni gramu 50, vijiko 12 hivi vya chai. Soda nyingi tamu zina takriban gramu 10 kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa moja ya mililita 350 imeshakula vijiko karibu tisa. Jumlisha chai ya asubuhi ya vijiko vitatu. Saa nne haijaisha na mgawo wa siku umekwisha.

Ukimfukuza muuzaji, njaa inabaki. Mtoto atatoka nje ya uzio, atavuka barabara ya bodaboda, atanunua kitu kilekile dukani kwa mangi. Nataka tujadili meza ibadilikeje. Wauzaji kama mpo humu, nyinyi ndio nawasubiri.

---

Mzee_Cheyo

Mwalimu umeandika vizuri ila mnawadekeza hawa. Sisi tulisoma hapahapa, hakuna aliyepewa hela ya kula. Tulikuwa tunapita porini tunachuma matunda, ntalali, furu, mbula, ntonga, unajaza mfuko wa kaptula. Msimu wa maembe ndiyo usiseme, Tabora nzima ina miembe. Tukirudi nyumbani tumeshiba tunapigwa kwa kuchafua shati. Tumekua, tuna wajukuu. Krips tumezijulia uzeeni.

---

Mwalimu_Isevya

Shikamoo mzee. Lakini hapo umenisaidia. Mlikuwa mnakula kati ya milo kuliko hawa wa leo, tofauti ni kwamba getini kwenu palikuwa na msitu. Matunda ya miombo, hiyo misitu ya huku kwetu, yana sukari yake lakini imekuja na maji, nyuzinyuzi na vitamini, na huwezi kula ntonga kumi kwa dakika tano, kulivunja gamba lake tu ni kazi.

Msitu huo leo uko wapi? Ukitoka mjini kwenda Urambo na Kaliua unaona mwenyewe, tumbaku inakaushwa kwa kuni na kuni zinatoka kwenye miombo. Mtoto wa Isevya akitaka furu anunue sokoni, kwa kopo, msimu wake ukifika. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi na wenzao wa kilimo-misitu waliwahi kuwafundisha akina mama mkoani hapa kutengeneza juisi na jemu ya matunda haya, ujuzi upo. Ila jemu ina bei yake, na mwanafunzi ana mia tano.

---

Dada_Genge

Nimesubiri mtu aniite, asante mwalimu. Mimi ni muuzaji. Si shule yako, shule nyingine, lakini meza uliyoieleza ni yangu kabisa, hadi zile pini za nguo.

Nikupe hesabu ambayo kwenye kikao chenu hakuna aliyeuliza. Krips analeta mtu wa jumla na pikipiki, ananishushia mezani, nisipomaliza wiki hii nauza wiki ijayo, haziozi, haziliwi na siafu. Likizo ya Juni ikinikuta na boksi mbili sipati presha. Pipi ndiyo kabisa. Sasa niambie chungwa. Nanunua sokoni alfajiri kwa ndoo, nalibeba, kiangazi cha Tabora unakijua, jua na vumbi, siku ya tatu ngozi imekauka kama kiatu na mtoto anasema "mama haya mabovu." Hasara yangu.

Halafu kengele. Nyie walimu mnawapa dakika kumi na tano. Wanakuja wote kwa mpigo, mikono hamsini mbele ya uso wangu, "mama mimi, mama mimi." Krips nang'oa pini, napokea mia mbili, kwisha. Chungwa linataka kumenywa, kukatwa, chumvi na pilipili maana hawali bila pilipili. Nikimmenyea mmoja, wanne wameshahamia meza ya jirani. Sikatai matunda mimi. Kinachonishinda ni kengele.

Karanga zinalipa, na watoto wanazipenda. Tatizo ni kuchambua. Gunia likija lina zile zilizosinyaa na zenye ukungu, ukizitoa zote unapoteza kilo. Wengine hawazitoi, wanazikaanga humohumo na chumvi, huwezi kujua.

Mafuta mnayosema. Ni kweli kuna watu wanayakaangia mpaka yanakuwa kama oili ya gari. Lita ya mafuta ya kula ikipanda bei mnategemea nini? Andazi mnataka libaki mia moja.

---

Nesi_Zamu_Usiku

Dada Genge hapo kwenye kuchambua karanga shikilia hivyohivyo. Ukungu wa kwenye karanga na mahindi ndio unaoleta sumukuvu, na sumukuvu haitoki kwa kukaanga jikoni. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa ajili yake, ilikuwa kwenye mahindi. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, chungu mdomoni: tupa, usimpe hata kuku.

Nirudi kwenye mada. Wazazi wanalalamikia krips kwa sababu wanaziona. Mimi naomba mchunguze wasichana wenu wanatafuna nini wakiwa peke yao. Mchele mbichi. Udongo, ule wa vipande unaouzwa sokoni. Msichana wa kidato cha tatu ana mchele kwenye mfuko wa sketi, anamung'unya darasani kutwa nzima, ukimuuliza anasema "nimezoea tu." Mara nyingi nyuma yake kuna upungufu wa damu. Mwili uliopungukiwa chuma unaweza kuleta hamu ya vitu visivyo chakula, na udongo wenyewe unazuia chuma kidogo kilichopo kisifyonzwe, tena unaweza kumletea minyoo. Anazunguka humohumo.

Nchini kwetu utafiti mkubwa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Si wote ni kwa chakula, malaria na minyoo na kichocho vimo, na huku kwetu vyote tunavyo. Ila kwa msichana anayevunja ungo, anayeruka chai asubuhi na kunywa soda saa nne, chakula kimo.

Kuna mawili ya bure kabisa. La kwanza, chai. Majani ya chai yana vitu vinavyokamata chuma cha maharage na mboga tumboni. Chai inywewe peke yake, mlo ukae saa moja mbali nayo. Nyumba nyingi hapa maharage yanateremshwa na chai ya rangi. La pili, matunda yenye vitamini C pamoja na maharage yanafanya kinyume, yanavuta chuma kiingie. Mapera yanaoza chini ya miti Uyui huko. Kwa uzito uleule pera lina vitamini C kama mara nne ya chungwa, na halitaki kumenywa, Dada Genge. Unaosha tu.

Mwenye binti anayetafuna mchele asimpige. Ampeleke kituo cha afya apimwe damu.

---

Kidato3_Mjini

Naomba na mimi niseme maana mnatujadili kama mbuzi mnadani 😂

Mimi napewa jero. Siku nyingine sipewi. Jero yenyewe: andazi mia, andazi mia, barafu mia, mia mbili narudi nayo kwa boda tukichangia au nanunua krips. Mwalimu anasema karanga, sawa, lakini karanga ukila unakaukiwa na koo na maji ya bomba shuleni kuna wiki hayatoki. Ndo maana watu wananunua barafu. Hilo mbona hakuna aliyelisema? Wekeni maji.

Halafu kuna kitu wazazi hamkijui. Ukikaa na wenzako umeshika soda au energy wewe ni mtu. Ukitoa kiazi cha kuchemsha kwenye begi unaitwa jina mpaka unahama mkondo. Kuna mwenzetu alikuja na matobolwa aliyofungiwa na bibi yake, walimwita Matobolwa muhula mzima. Na waliokuwa wanamcheka ndo walimmalizia, mimi nikiwemo, yalikuwa matamu kinoma.

Wasichana wa darasani kwetu wengi hawali makande. Wanasema yananenepesha na yanaleta gesi. Halafu saa nane wanakula biskuti pakiti nzima.

---

Mwalimu_Isevya

Mwanangu, la maji umelipiga msumari. Nalipeleka shuleni kama lilivyo. Mtoto mwenye kiu hununua chochote cha baridi, na cha baridi pale getini kina sukari.

Hizo energy ziache. Nyingi zina kafeini kama miligramu 30 kwa kila mililita 100, juu ya sukari. Chupa moja saa nane mchana na kesho yake unasinzia kwenye kipindi changu kwa sababu usiku hukulala, unanunua nyingine ili uamke. Nawaona.

Kuhusu matobolwa ngoja niseme kidogo kwa wasio wa huku, maana ndicho kitu ninachokitaka mezani kuliko vyote. Viazi vitamu vinavunwa kwa wingi, havikai, vinaoza. Wanyamwezi na Wasukuma wana njia mbili. Michembe: kiazi kinamenywa kibichi, kinakatwa vipande vyembamba, kinaanikwa juani juu ya mawe au paa mpaka kinagonga kama ubao, halafu unakitunza, siku ya kula unachemsha. Matobolwa: kiazi kinachemshwa kwanza, ndipo kinakatwa na kuanikwa. Hiki cha pili ndicho kitafunwa hasa, kwa sababu kimeshaiva. Unakitia mdomoni kinavyotoka mfukoni. Mwanzoni kigumu, unakizungusha shavuni kinalainika, utamu unatoka polepole, kama pipi isiyoisha. Hakina mafuta, hakina rangi, hakiozi. Dada Genge umesikia hapo? Hakiozi. Kinakaa miezi kikiwa kikavu. Na kikitengenezwa kwa viazi lishe, vile vya ndani rangi ya chungwa, kinakuja na kiini cha vitamini A, ingawa jua kali linapunguza kiasi, afadhali kuanika kivulini penye upepo.

Matobolwa peke yake ni wanga. Changanya na karanga zilizochambuliwa, nusu kwa nusu, kwenye kikoni cha karatasi. Hapo mtoto ana wanga, protini na mafuta mazuri, na mikono ya muuzaji haimenyi kitu kengele ikilia.

---

Mfuga_Nyuki_Sikonge

Mbona mkoa wa asali mnajadili sukari bila kuitaja asali? Watoto wapewe asali badala ya sukari, tatizo limekwisha. Asali si sukari, ni dawa.

---

Mwalimu_Isevya

Mkuu, asali yenu ya Sikonge naila na sina ugomvi nayo. Ila kwenye ule mgawo wa WHO asali imehesabiwa kundi moja na sukari, na juisi ya matunda pia imo, hata ya kukamua nyumbani. Kijiko kikubwa cha asali ni gramu 17 hivi za sukari. Mtoto akipaka asali kwenye kiazi badala ya kunywa soda amepata nafuu kubwa, sibishi. Akinywa soda na asali juu yake kwa sababu "ni dawa", amejumlisha.

---

Mfuga_Nyuki_Sikonge

Hao WHO waje Tabora waonje kwanza.

---

Mwisho_wa_Reli

Salaam kutoka Kigoma. Nawasoma tangu mwanzo nacheka, mna viazi na karanga halafu mnalia.

Huku kwetu meza ya getini iko hivyohivyo, krips zimefika hadi mwisho wa reli. Lakini kuna kitu bado kinapumua: dagaa. Wale wakavu wa Ziwa Tanganyika, nenda mwalo wa Kibirizi ukajionee. Mtoto wa huku anawatafuna wakavu hivyohivyo kutoka kwenye kapu la mama yake, au wanakaangwa kavu na chumvi na pilipili, wanaliwa na muhogo. Muhogo wenyewe protini yake ni kidogo sana, ni dagaa ndiye anayeukamilisha. Na kwa sababu analiwa mzima, kichwa, mfupa na mkia, kalisiamu yote anayo. Nesi atanisahihisha lakini kwa mtoto ambaye haoni maziwa mwaka mzima sijui kingine cha bei ile.

Tena tuna mawese. Yale mekundu yana kiini cha vitamini A kwa wingi, ndiyo rangi yenyewe. Shida kuna akina mama wanayachoma sufuriani mpaka yanakuwa meupe ndipo wanakaangia, wanasema harufu inatoka. Inatoka na vitamini.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu sawa. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na ni jambo la maana, lakini dagaa alipanda bei na watoto wakahamia kwenye mihogo mitupu na barafu. Sasa mimi nasema nyie mko njia moja ya reli na sisi. Dagaa apande treni aje Tabora, matobolwa yaje huku.

---

Nesi_Zamu_Usiku

Sikusahihishi, uko sawa. Niongeze kwamba dagaa ana na chuma pia, na chuma cha samaki mwili unakichukua kirahisi kuliko cha maharage. Anikwe tu kwenye vichanja, wale wa kwenye mchanga wanavunja meno na watoto wanawachukia.

---

Mama_Wanne

Mimi ni mzazi, nilikuwa kwenye kikao kimojawapo cha namna hiyo na nilinyoosha mkono wauzaji waondolewe. Bado naona hivyo. Mwalimu anaongea kama pesa ya mtoto inatoka mbinguni. Nina wanne, jero kila mmoja ni elfu mbili kwa siku, mara siku tano, hiyo ni elfu kumi kwa wiki inakwenda kwenye pipi. Kwa elfu kumi nanunua karanga na mahindi ya kutosha wote. Getini pakiwa patupu nitawafungia chakula na watakila, hawatakuwa na la kuchagua. Pakiwa na meza watatupa nilichofunga.

---

Mwalimu_Isevya

Mama, hesabu yako ya elfu kumi siipingi hata kidogo. Kwa mzazi anayeweza kufunga, kufunga ndiko bora: yai la kuchemsha, kiazi, karanga, pera. Yai moja tu ni gramu 6 za protini.

Ninachokiona darasani ni kwamba wanaofungiwa ni wachache, na wanaoongea kwenye vikao ni haohao. Wale ambao mama anatoka saa kumi usiku kwenda kuchoma mkaa, au wanaokaa kwa shangazi wakiwa saba chumbani, hawaji kwenye kikao. Kwao geti ndiyo jiko. Tukilifagia, mtoto wako atafungua kopo na jirani yake wa dawati atamwangalia. Hapo ndipo ninapopingana na azimio, na nitaendelea kupingana nalo.

Kwa hiyo nimeandika mapendekezo yangu kwa mkuu wa shule, mafupi: ndoo za maji ya kunywa zenye koki ndani ya uzio, mapumziko ya saa nne yafike dakika thelathini, wauzaji waandikwe majina na wapewe sehemu yenye kivuli ndani ya uzio, kwa sharti kwamba energy na barafu za rangi hazivuki geti, yule bibi wa karanga awekwe mbele. Makande ya mchana yawekwe karanga za kutwanga, na mchango wa asiye nacho tuuzungumze bila kumtoa mtoto mstarini.

---

Mzee_Cheyo

Hilo la mtoto kutotolewa mstarini nakuunga mkono. Ninalo gunia la maharage, nitalileta. Usiandike jina.

---

Dada_Genge

Mwalimu, dakika thelathini mkizitoa kweli, mimi nauza matunda. Andika hivyo kwenye barua yako, sema muuzaji amesema.

Nimejaribu ile ya karanga na matobolwa ijumaa. Nilitengeneza vikoni ishirini vya mia mbili kwa daftari kuukuu. Wadogo wa kidato cha kwanza ndio walionunua kwanza, wakubwa wakajifanya hawaoni. Kilichowaleta wakubwa ni pilipili. Nilizipaka karanga pilipili na chumvi kidogo, sema kidogo, nesi usinune, na ukwaju uliosagwa. Vikaisha kengele haijalia mara ya pili.

Sasa kinachonikwamisha ni matobolwa yenyewe. Soko kuu yanauzwa kwa bakuli na bei ya rejareja, kwa kikoni cha mia mbili sibaki na kitu. Nani ana jumla?

---

Mfuga_Nyuki_Sikonge

Mimi asali yangu mmeikataa lakini shemeji yangu ana viazi eka mbili. Anaanika kila mwaka baada ya mvua kukatika, mengi yanaliwa na panya kwa kukosa mnunuzi. Gunia anaweza kukushushia kwa basi la asubuhi. Nitumie ujumbe pembeni tuongee bei, usilete bei ya sokoni lakini.

---

Mwisho_wa_Reli

Na dagaa je? Debe moja la kuonjesha nitaweka kwenye treni, ukiuza ndipo unilipe.

---

Dada_Genge

Sikonge, nimekutumia ujumbe, angalia.

Kigoma, kaka yangu, dagaa peleka kwa mpishi wa makande. Mezani kwangu hapana, harufu itahamia kwenye maandazi.